Dayodi ya volti 1000 inachemka mahali ya volti 40 ilipokuwa inadumu

*"Shikamoo fundi. Nina kibanda cha kuchaji simu kijijini, umeme wa gridi haujatufikia. Natumia paneli ya wati 100, kontrola, betri ya volti 12, halafu bodi ndogo za LM2596 zinazoshusha hadi volti 5 kwa ajili ya USB. Bodi moja ilikufa. Nilipoikagua nikakuta dayodi nyeusi bapa iliyoandikwa SS34 imepasuka. Dukani hawakuwa nayo, muuzaji akanipa 1N4007 akasema: 'Hii inahimili volti 1000, hiyo yako ilikuwa ya volti 40 tu, utalala usingizi.' Nikaifunga, volti 5 zikatoka vizuri. Lakini nilipochomeka simu mbili, dayodi ikachemka hadi haishikiki, na IC (ile chipu yenyewe ya LM2596) nayo ikawa ya moto. Nikaweka mbili sambamba, hali ileile. Nikaweka 1N5408 ya ampea 3, dayodi ikapata nafuu kidogo lakini IC bado inachemka na simu zinachaji kwa kusuasua. Dayodi zote nimezipima kwa mita, ni nzima. Shida iko wapi? Je, kuna namna ya kujua dayodi ipi inafaa wapi bila kukariri namba zote? Pia nimeambiwa nifunge dayodi kati ya paneli na betri, ni lazima?"*

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza kama fundi anavyopaswa kuuliza: umetaja namba, umetaja ulichojaribu na kilichotokea kila mara. Kwa maelezo hayo naweza kukujibu bila kubahatisha. Dayodi zako ni nzima kweli, na uchomeaji wako hauna kosa. Tatizo ni kwamba umefunga dayodi ya polepole mahali panapotaka dayodi ya haraka, na hizo volti 1000 ulizosifiwa dukani ndizo zilizoifanya iwe ya polepole.

Tuanze na kauli ya muuzaji, kwa sababu nimeisikia kwenye maduka mengi na inawagharimu vijana wengi. Dayodi ni mlango wa umeme wa upande mmoja, na volti zinazotajwa kwenye dayodi ni kikomo cha umeme inaoweza kuuzuia ukija kinyume. Hazisemi dayodi ina nguvu kiasi gani, wala itadumu miaka mingapi. Betri yako inapochajiwa hufika volti 14.4 hivi. Hata waya wa betri ukichomoka na kontrola ikapitisha volti za paneli zilivyo, paneli ya wati 100 ya aina ya volti 12 hutoa volti 22 hivi isipokuwa na mzigo. Watengenezaji wa LM2596 wanashauri dayodi iwe na uwezo wa kuzuia angalau mara 1.25 ya volti kubwa kabisa zinazoingia. Zidisha 22 kwa 1.25, unapata 27.5. SS34 ya volti 40 ilikuwa inatosha na kubaki. Zile 960 za ziada hazina kazi yoyote kwenye bodi yako, lakini unazilipia kila sekunde bodi inapofanya kazi.

Ili uone unazilipiaje, lazima tujue dayodi ile inafanya kazi gani pale.

Ndani ya LM2596 kuna transista inayofanya kazi kama swichi, inafunga na kufungua mara 150,000 kwa sekunde. Ikifunga, yaani ikiunganisha njia, umeme wa betri unaingia kwenye koili na mkondo unapanda. Ikifungua, koili haikubali mkondo ukatike ghafla. Itautafutia njia kwa gharama yoyote. Njia hiyo ni dayodi. Mkondo unatoka ardhini (yaani upande hasi wa bodi), unapita kwenye dayodi, unarudi kwenye koili na kuendelea kuelekea kwenye simu. Kwa hiyo wakati swichi imefungua, dayodi ndiyo inayobeba mzigo wote. Kwenye bodi yako, kutoka volti 12 kwenda 5, dayodi iko kazini takriban nusu ya muda. Ukitoa ampea 2 kwa simu, dayodi inapitisha ampea 2 hizo kwa nusu ya kila mzunguko.

Halafu swichi inafunga tena, na hapa ndipo penye kisa chako. Ikifunga, mguu wa dayodi wenye mstari unavutwa juu hadi karibu na volti 12, na dayodi inatakiwa izuie papo hapo. Isipozuia, kuna njia ya moja kwa moja kutoka chanya ya betri, kupitia swichi iliyo ndani ya IC, kupitia dayodi, hadi ardhini. Ni shoti kamili, japo ya muda mfupi sana.

Dayodi ya silikoni ya kawaida haiwezi kuzuia papo hapo. Inapopitisha mkondo, sehemu yake ya kati hujaa chembe za umeme, na chembe hizo lazima ziondoke kabla haijaanza kuzuia. Ni kama ukumbi uliojaa watu: huwezi kufunga mlango mpaka watu watoke, na ukumbi ukiwa mkubwa, kutoka kunachukua muda zaidi. Sasa, ili 1N4007 izuie volti 1000, tabaka lake la kati limetengenezwa nene na lenye kemikali hafifu. Tabaka nene linabeba chembe nyingi, na nyingi huchukua muda kuondoka. Karatasi nyingi za vipimo vya 1N4007 hata hazitaji muda huo, kwa sababu dayodi hii ilikusudiwa umeme wa gridi wa hezi 50 au 60. Ukiipima utapata maikrosekunde 2 hivi, wakati mwingine zaidi.

Fanya hesabu. Mara 150,000 kwa sekunde maana yake kila mzunguko mmoja ni maikrosekunde 6.7. Hata tuseme chembe zinaondoka kwa maikrosekunde 1 tu, bado karibu sehemu moja ya saba ya muda wote bodi yako iko kwenye shoti. Zikichukua 2, ni karibu theluthi. Mkondo huo wa shoti unapita kwenye vitu viwili, dayodi na IC, ndiyo maana vyote viwili vinachemka. IC hiyo ina kinga ndani yake; ikiona mkondo umezidi inakata mzunguko kabla ya wakati wake, nguvu haifiki kwenye simu, na hapo ndipo kuchaji kwa kusuasua kunapotoka.

Utaniuliza, mbona volti 5 zilitoka vizuri kabla ya kuchomeka simu? Bila mzigo, mkondo wa koili ni mdogo na unaisha wenyewe kabla swichi haijafunga tena. Dayodi inakuwa imeshapumzika, hakuna chembe za kuondoa, hakuna shoti. Ukichomeka simu, mkondo hauishi kati ya mzunguko na mzunguko, na swichi inaikuta dayodi ikiwa imejaa. Ndiyo sababu bodi ya namna hii haipimwi kwa kuangalia volti peke yake. Lazima uipe mzigo.

Kuweka mbili sambamba hakukusaidia, na hakuwezi kusaidia, maana sasa una kumbi mbili za kuondoa watu badala ya moja. Lakini hata kwenye saketi za polepole, kufunga dayodi mbili sambamba bila mpango si jambo zuri. Dayodi ikipata joto, volti inazohitaji ili ipitishe mkondo hupungua, takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa hiyo ile iliyotangulia kupata joto kidogo inavuta mkondo mwingi zaidi, inazidi kupata joto, inavuta zaidi. Mwishowe moja inabeba karibu mzigo wote na mwenzake anatazama. 1N5408 nayo ilipata nafuu kwa sababu ina mwili mkubwa na miguu minene ya kutolea joto, basi. Kwa kasi ni ileile familia ya hezi 50.

Kuhusu mita, usiidharau lakini jua mpaka wake. Mita kwenye alama ya dayodi inapitisha mkondo wa milliampea moja hivi, taratibu, na kukuonyesha volti zinazobaki kwenye dayodi. Haiwezi kukuonyesha maikrosekunde, wala haiwezi kukwambia dayodi inazuia volti ngapi. Inachoweza kukwambia, na mafundi wengi hawakitumii, ni aina ya dayodi. Silikoni ya kawaida inasoma kati ya 0.5 na 0.7. Schottky, aina nyingine ya dayodi ambayo SS34 yako ni mojawapo, inasoma 0.15 hadi 0.3. Rudia kupima zile ulizo nazo, safari hii usisikilize mlio tu, andika namba. Utaona 1N4007 inasoma 0.55 au zaidi. SS34 nzima ingesoma 0.2 hivi. Kipimo hiki kitakulinda pia sokoni: ukiuziwa kitu kimeandikwa SS34 na mita inasoma 0.55, hiyo siyo Schottky hata kama maandishi yanang'aa. Kuna dayodi bapa inayofanana nayo kwa umbo imeandikwa M7. Hiyo ni 1N4007 iliyovaa nguo nyingine, usije ukaichukua ukidhani umepata dawa.

Schottky, iliyopewa jina la mwanafizikia Mjerumani Walter Schottky, imejengwa kwa namna tofauti kabisa. Badala ya kuunganisha silikoni na silikoni, imeunganisha metali na silikoni. Kwa muundo huo, chembe hazijazani ndani yake, kwa hiyo hakuna cha kusubiri kitoke. Inazuia karibu papo hapo. Faida ya pili ni kwamba inapoteza volti chache ikipitisha mkondo: 1N5822 inapoteza karibu 0.5 kwenye ampea 3, wakati 1N4007 inafika 1.1 kwenye ampea 1 tu. Kwa bodi yako hiyo ni tofauti ya nusu wati ya joto dhidi ya wati moja au zaidi, kabla hata hujahesabu ile shoti.

Lakini nayo ina upungufu wake. Nyingi za bei ndogo huishia volti 40, 60 au 100. Na zinavuja: hata zinapozuia, kiasi fulani cha mkondo kinapita kinyume, na kiasi hicho huongezeka sana joto likipanda. Kwenye karatasi ya 1N5822 mvujo ni hadi milliampea 2 kwenye nyuzi 25, unafika 20 kwenye nyuzi 100. Kibanda chako kama kimeezekwa kwa bati, saa saba mchana ndani ya boksi la plastiki kuna joto kali kabla dayodi haijaanza kazi. Toboa boksi juu na chini hewa ipite.

Sasa tuje kwenye ununuzi. SS34 ni ya ampea 3 na volti 40, na ndiyo iliyokuwepo, kwa hiyo ukiipata inatosha. Lakini mimi ningekushauri SS54, ambayo ni ya ampea 5 kwa volti zilezile 40, na sababu yake nitakueleza hivi punde. Kama duka lina zenye miguu mirefu tu, 1N5822 inafanya kazi ileile ya SS34, na SR540 au SB540 ni za ampea 5. Ikate miguu iwe mifupi kadiri inavyowezekana kabla ya kuichomea pale penye pedi za zamani, mstari uelekee upande uleule ulioelekea mstari wa ile iliyopasuka. Waya mrefu hapo ni koili nyingine ndogo, unaleta misukosuko ya volti ambayo IC haiipendi.

Huko kijijini huenda hata hizo usizipate. Tafuta basi pawasaplai ya kompyuta iliyokufa. Kwenye upande wa volti 5, karibu na kipoza joto cha pili, kuna kifaa cha miguu mitatu kinachofanana na transista, mara nyingi kimeandikwa MBR2045CT au namba inayokaribiana nayo. Hiyo ni Schottky mbili ndani ya mwili mmoja, ampea 20 kwa jumla, volti 45. Mguu wa kati ndio kathodi, yaani upande wa mstari, na miguu miwili ya pembeni ni anodi. Unaweza kuiunganisha ile miwili pamoja, kwa sababu zimo kwenye kipande kimoja cha metali na zinapata joto kwa pamoja, hivyo ule ugomvi wa mzigo unapungua sana. Bamba la metali mgongoni limeungana na mguu wa kati, na hapo ndipo umeme unapopanda na kushuka mara 150,000 kwa sekunde. Lisiguse chasi wala waya wowote. Pima kwa mita kabla ya kuchomea, maana kwenye pawasaplai hiyohiyo vipo vifaa vya umbo hilo ambavyo si Schottky. Ukisoma 0.3 au chini, endelea. Ukisoma 0.45, rudisha.

Kuna mtu atakwambia utumie UF4007 kwa kuwa ni ya haraka. Ni kweli, inaanza kuzuia ndani ya nanosekunde 75, na shoti yako itaisha. Lakini ni ya ampea 1, na inaweza kupoteza hadi volti 1.7. Umetatua kasi ukaongeza joto. Kama umekwama kabisa na Schottky haipatikani, heri UF5402, ya ampea 3 na volti 200, inayoanza kuzuia kwa nanosekunde 50 na kupoteza volti 1 hivi. Itafanya kazi, itakuwa ya moto zaidi ya Schottky, na usitoe zaidi ya ampea 1 kwenye bodi hiyo mpaka upate inayostahili.

Nilisema nitakueleza kwa nini ampea 5. Hukuuliza SS34 ilikufa kwa nini, na hilo ndilo lingenisumbua kama kibanda kingekuwa changu. Fikiria kebo za USB zinazoletwa na wateja: zimekunjwa, zimefungwa na selotepu, nyingine zina shoti ndani. Kebo yenye shoti ikichomekwa, volti za kutoka zinashuka hadi karibu na sifuri. IC inajikinga kwa kufunga swichi kwa muda mfupi mno, kidogo tu kila mzunguko. Swichi ikifunga kidogo, dayodi ndiyo inayobaki kazini karibu muda wote, na mkondo wa kikomo cha LM2596 kwa kawaida ni ampea 4.5 hivi. Yaani kinga iliyookoa IC imemtupia mzigo wote dayodi wa ampea 3. Watengenezaji wenyewe wanasema hivyo: kama saketi inatakiwa ivumilie shoti ya kudumu, dayodi iwe na ampea zinazolingana na kikomo cha IC, na si mzigo wa kawaida. Bodi nyingi za bei rahisi hazifuati ushauri huo. Weka SS54, na uweke utaratibu wa kutumia kebo zako mwenyewe.

Na usiamini yale maandishi ya ampea 3 kwenye tangazo la bodi. Bila kipoza joto, ampea 2 kwa mfululizo ni kuilazimisha. Simu mbili kwa bodi moja, basi; ya tatu ipewe bodi yake.

Umeuliza namna ya kuchagua bila kukariri. Mimi huanza na swali la kasi: hapa umeme unabadilika mara ngapi kwa sekunde? Kama ni transfoma ya gridi, hezi 50, mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Maikrosekunde 2 za 1N4007 hapo ni sawa na hakuna kitu, na muuzaji wako angekuwa sahihi kabisa. Kwenye amplifaya yenye transfoma ya 12-0-12 na dayodi mbili, kilele ni volti 17 na kila dayodi inakutana na 34 kinyume. 1N4001 ya volti 50 ingetosha, lakini kwa kuwa 1N4007 bei yake ni karibu ileile, chukua 4007 na usihangaike. Ukinyoosha umeme wa gridi wa volti 230 moja kwa moja, kilele ni 325, na dayodi moja iliyofuatiwa na kapasita inakutana na maradufu, 650. Hapo ndipo zile 1000 zina maana, hasa ukizingatia radi na misukosuko ya laini zetu.

Dayodi ya kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na koili), ile inayokaa kinyume kwenye koili hiyo, nayo haihitaji haraka. Rilei ndogo ya volti 12 inavuta milliampea 30 hivi, inawaka na kuzima mara chache kwa siku. 1N4007 inamtosha, hata 1N4148 inamtosha. Lakini ukiona saketi ina koili ndogo ya feraiti (ile yenye kiini cheusi cha kauri) au transfoma ndogo ya feraiti, jua uko kwenye makumi ya maelfu kwa sekunde, na 1N4007 haina nafasi kwenye njia ya nguvu. Kwa upande wa volti chache, Schottky. Kwa upande wa volti nyingi ambako Schottky haifiki, zile za haraka za silikoni: FR107 ina nanosekunde 500, UF4007 ina 75.

Baada ya kasi ndipo naangalia volti kinyume na kuacha nafasi ya kutosha, kisha ampea, kisha joto litakalobaki kwenye kile kiboksi. Mpangilio huo ndio unaoniokoa, kwa sababu ukianza na volti, kama muuzaji alivyofanya, utafika dukani kwenye 1N4007 kila mara.

Zener ni ukoo mwingine. Hiyo inafungwa kinyume kwa makusudi, mstari ukielekea chanya, na kazi yake ni kuachia umeme ukifika volti fulani. Usiitumie kunyoosha umeme. Lakini wewe una kazi nzuri ya kumpa. LM2596 ikifa vibaya, swichi yake ya ndani inaweza kuungana moja kwa moja, na volti 12 zote zikaingia kwenye simu za wateja. Hilo ndilo linaloniogopesha kuhusu kibanda chako kuliko dayodi iliyochemka. Weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa chanya unaoingia kwenye kila bodi, na kwenye pato weka Zener ya volti 5.6 na wati 5, namba yake 1N5339B. Volti zikipanda, Zener inavuta mkondo mwingi, fyuzi inakatika. Zener yenyewe huenda ikafa kazini. Ni bei ndogo kuliko simu moja. Ile ya 5.1 ya wati 1, 1N4733A, ni dhaifu kwa kazi hii na iko karibu mno na volti 5 za kawaida.

Kuhusu dayodi kati ya paneli na betri: una kontrola, na kontrola tayari inazuia betri isirudishe umeme kwenye paneli usiku. Usiongeze. Paneli yako hutoa karibu ampea 5.5 jua likiwa kali. Schottky ya nje ingekula karibu wati 3, dayodi ya kawaida ingekula 5, kila saa ya jua, bila faida. Na kama mtu amekushauri uondoe kontrola ubaki na dayodi tu, mkatalie: dayodi haijui betri imejaa, itaendelea kupitisha mpaka betri ichemke. Zile dayodi utakazozikuta kwenye boksi dogo nyuma ya paneli ni za kuokoa paneli kivuli kikiangukia upande mmoja. Ziache. Ikibidi kubadilisha, ziwe za ampea zinazozidi zile za paneli, kamwe si 1N4007.

Mahali pa kuongeza dayodi kwa manufaa ni kwenye waya wa chanya unaoingia kwenye bodi, kama klipu za betri zinafungwa na kufunguliwa na watu tofauti. Schottky moja ya ampea 5 kwa mfululizo, mstari ukielekea bodi, itazuia siku mtu atakapogeuza waya. Utapoteza nusu volti, na kutoka 12 kwenda 5 una nafasi kubwa, hutaiona.

Ukishafunga dayodi mpya, usichomeke simu ya mtu. Chukua rezista mbili za saruji za ohmu 4.7, wati 10 kila moja, uzifunge sambamba kwenye pato. Hizo zinavuta ampea 2 na kidogo. Acha dakika 15 huku ukipima volti. Zikibaki karibu na 5, na dayodi unaweza kuigusa sekunde kadhaa bila kurukia nyuma, bodi iko salama. Izime kwanza ndipo uiguse. Rezista zitakuwa za moto sana, hiyo ni kawaida yake, ziweke juu ya kigae na si juu ya meza ya mbao.

Kama IC bado inachemka na dayodi ni Schottky ya kweli, basi zile siku za 1N4007 zimeshaiumiza, au koili imeungua enameli. Nunua bodi nzima. Kutafuta kosa kwenye bodi ya bei ile ni kupoteza mchana. Lakini yapo mambo mawili ambayo sitaki uyafanye kwa maelezo ya maandishi. Moja ni kufungua upande wa gridi wa pawasaplai yoyote, ikiwemo hiyo ya kompyuta niliyokutuma ukaitafute: kapasita kubwa mle hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Iliyochomolewa siku nyingi mara nyingi imeisha, lakini pima kwanza miguuni mwa kapasita, na kama hujawahi kufanya hivyo mpelekee fundi redio mzoefu akutolee kile kifaa. La pili ni betri za lithiamu. Ukibadilisha betri yako ya asidi kwa pakiti ya lithiamu iliyoungwa mtaani, nenda na pakiti hiyo kwa mtu atakayeiona kwa macho, au kwa walimu wa elektroniki kwenye chuo cha ufundi cha VETA kilicho karibu. Wengi wao watafurahi kukusaidia, na wakiwa na osiloskopu waombe wakuonyeshe bodi moja yenye 1N4007 na nyingine yenye Schottky, uone kwa macho ule mkondo unaorudi kinyume.

Kwa sasa, zitoe zile 1N4007 na 1N5408 uzihifadhi. Zitafaa kwenye rilei na kwenye amplifaya. Ukipata Schottky, niandikie mita imesoma ngapi kabla ya kuichomea, na volti za pato zilikuwa ngapi baada ya zile dakika 15 za mzigo. Nikiona namba hizo mbili nitakwambia kama ni wakati wa kuwarudishia wateja.